Kusalimia Mashine

Karatasi ya jaribio la kujiunga na chuo ilirudi mikononi mwa Jicho ikiwa na miduara myekundu kila upande, lakini uliomkaa rohoni ulikuwa mmoja tu. Uliizunguka namba tisa. Swali lilisema tatu mara x ni kumi na mbili, tafuta x, naye alilijibu kama alivyokaririshwa utotoni na mwalimu aliyekuwa akitembea na rula katikati ya madawati: kinachovuka alama ya sawasawa, kinageuka. Basi akaivusha ile tatu, ikageuka ikawa kutoa tatu, akaitoa kwenye kumi na mbili, akapata tisa, akaipigia mstari chini yake. Ule mstari ndio uliomwaibisha kuliko jibu lenyewe. Mtu anayebahatisha hapigi mstari. Mstari hupigwa na mtu aliyeridhika.

Jicho si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake katika karakana ya kenchi, zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba paa la nyumba, kwa sababu kwa miaka tisa alikuwa akiona kwa macho matupu kile ambacho wengine walihitaji futi kamba kukiona. Kenchi ikiwa imelazwa sakafuni, Jicho alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, anainamisha kichwa kidogo, anasema, "Mguu wa kushoto umezidi kidole," kisha anaendelea na safari yake. Wakipima, umezidi kidole. Siku hizi hata hawapimi, wanakata tu.

Sasa mwenye karakana alikuwa amejenga chumba juu ya ghala, chenye dirisha kubwa la kioo na meza ya kuchorea, na alikuwa ametangaza kwamba atakayefaulu vizuri zaidi trigonometria ya chuo ndiye atakayepanda ngazi kwenda kukaa humo, achore kenchi badala ya kuzikata. Meza moja, kiti kimoja. Jicho alikitaka kile kiti kama alivyotaka vitu vichache maishani. Mabega yake yalikuwa yameanza kulalamika, na vumbi la mbao lilikuwa limehamia kifuani mwake kama mpangaji asiyetaka kuondoka. Kutoka karakana walijiandikisha watu wawili: yeye na wifi yake.

Wifi alikuwa dada mdogo wa mumewe. Ni Jicho mwenyewe aliyemleta karakana miaka miwili iliyopita, akamwombea kazi, akamfundisha kushika ubao usimrukie na kusimama kando ya msumeno, si nyuma yake. Waliishi nyumba moja, wakila chungu kimoja, na hadi siku ile ya ubao wa matangazo walikuwa wakipatana vizuri tu. Walisimama pamoja mbele ya ubao ule, kila mmoja akitafuta namba yake. Ya Wifi ilikuwa kwenye orodha ya kwanza, iliyoandikwa Trigonometria. Ya Jicho ilikuwa kwenye orodha ya pili, iliyoandikwa Trigonometria pamoja na Msaada wa Aljebra.

"Si kitu, wifi," Wifi akasema. "Somo ni lile lile, mwalimu yule yule, mtihani ule ule. Ninyi mnaanza saa moja kabla yetu, mnapigwa msasa wa aljebra, halafu tunakaa wote."

"Nimeona."

"Tena hiyo saa haina malipo."

"Nimesema nimeona." Jicho alikuwa bado anaitazama ile orodha. "Naomba kaka yako asijue. Mwambie nawahi kiti cha mbele."

"Sitasema neno," Wifi akasema, na kweli hakusema. Aliitunza siri hiyo wiki baada ya wiki, bila hata kukonyeza, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mtu akikucheka, unajua pa kumweka. Lakini mtu anayekusitiri kila siku mezani, huku akikupakulia mboga, unamweka wapi? Jicho alianza kumchukia Wifi kwa wema wake. Mafundi wa karakana wangelijua hilo wangelifurahia kwa wiki nzima, kwamba Jicho, baada ya miaka tisa ya utasa, hatimaye amezaa kijicho.

Alimwonea kijicho kwa mambo makubwa na kwa mambo ya kipuuzi. Alimwonea kwa alama zake, kwa jinsi alivyotafuna ncha ya penseli na bado akaonekana mwenye akili, kwa jinsi alivyosema "kosini" kana kwamba anamtaja mjomba wake. Alimwonea kwa ukaka na udada wake na yule dereva wa gari la mkate ambaye Jicho alikuwa ameolewa naye kwa moyo wake wote.

"Hivi hiyo sini mnayoitaja kutwa ni mdudu gani?" mumewe aliuliza jioni moja wakila, lakini aliyemwuliza ni dada yake.

Wifi akachukua kijiko, akakiegemeza kwenye kikombe. "Hii ni ngazi, huu ni ukuta. Unachukua urefu wa ukuta hadi pale ngazi inapogusa, unaugawanya kwa urefu wa ngazi yenyewe. Hiyo ndiyo sini ya pembe ya hapa chini. Ngazi ikisimama zaidi, sini inakua."

"Basi? Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, kaka."

"Mdogo wangu ana kichwa," mumewe akasema, akimgeukia Jicho kana kwamba anampa habari njema. "Umeona anavyolieleza? Kama kumsukuma mlevi."

Ngazi zile na kuta zile Jicho alizijua tangu Wifi akiwa bado anavaa sare za shule. Alisimama, akaanza kukusanya vyombo, ikiwamo sahani ya mumewe.

"Sijamaliza," mumewe akasema.

"Nilidhani umeshiba sifa," Jicho akajibu, akaenda nayo jikoni.

Chumba cha saa ya nyongeza kilikuwa mwisho wa ujia, karibu na bomba la maji, na wanafunzi wa orodha ya kwanza walikiita Wodi. "Wagonjwa wametoka," walikuwa wakinong'ona watu wa Wodi walipoingia kwenye somo kubwa na madaftari yao kifuani. Mwalimu wa Wodi alikuwa binti mwembamba mwenye mafua yasiyoisha, ambaye hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Siku ya kwanza aliandika ubaoni tatu mara x ni kumi na mbili, akauliza nani alipata tisa. Mikono minne ilinyanyuka, wa Jicho ukiwa wa mwisho.

"Nani aliwaambia kwamba kitu kinavuka?" mwalimu akauliza, akipenga kamasi. "Hii alama si mlango wala si daraja. Hakuna kinachovuka. Tatu haiendi popote. Inasema tu kwamba huku na huku ni sawa, kwa hiyo unachofanya huku, fanya na huku. Hapa x imezidishwa kwa tatu. Nigawanye kwa tatu huku, nigawanye kwa tatu na huku. Nimebaki na nini?"

"Nne," Wodi nzima ikasema.

"Nne. Na hakuna aliyehama."

Alikuwa na mambo yake yule mwalimu. Kila siku, kabla ya jambo lolote, aliwataka wasalimie mashine. Vikokotoo vyao vilijua kupima pembe kwa namna mbili, kwa digrii na kwa kipimo kingine kiitwacho radiani, na tofauti yake ilikuwa herufi ndogo juu ya kioo, D au R, ndogo kiasi kwamba mtu mwenye haraka haioni. Kwa hiyo unabonyeza tan, unabonyeza arobaini na tano. Ikikujibu moja, mko pamoja, anza kazi. "Ikikujibu kingine chochote," mwalimu alisema, "inawaza mambo yake. Usiiamini hata ikikwambia jina lako."

Jicho aliipenda salamu ile. Juu ya kila ukurasa wa daftari lake aliandika kwa kalamu ya bluu: Salimia mashine, tan 45 = 1. Na taratibu, bila kumwambia mtu, alianza kuelewa. Kilichomshinda zaidi kilikuwa x inapokaa chini ya mstari wa kugawanya, mathalani tanjenti ya pembe ni kimo gawanya kwa x. Mikono yake ilikuwa ikitamani kuivusha, kuigeuza, kuifanyia lolote ili itoke kule chini. Akajifunza kuzidisha kwa x huku, akazidisha na huku, halafu akagawanya kwa tanjenti huku na huku, na ile x ikabaki peke yake juani. Siku ilipotokea kwa mara ya kwanza alicheka peke yake, akataka kumwambia mtu. Mtu wa karibu aliyeweza kuelewa alikuwa Wifi, basi hakumwambia yeyote.

Wiki moja kabla ya mtihani alifungua daftari lake akakuta kitu. Kando ya maneno yale, Salimia mashine, mtu alikuwa ameweka alama ndogo ya kuuliza. Ilikuwa ya penseli. Jicho hakutumia penseli darasani. Penseli yake ilikaa nyuma ya sikio kwa ajili ya mbao. Aliyetumia penseli nyumbani mle, tena akaitafuna, alikuwa mmoja.

Alikaa kitandani na lile daftari mapajani. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wifi alikuwa akilifungua wakati yeye hayupo, anasoma mambo ya Wodi, anasoma mambo ya kusalimia mashine kama watoto wa chekechea, na pengine anakwenda kuwasimulia wenzake wa orodha ya kwanza wakafa kwa kicheko. Kusitiriwa kote kule, kumbe ni kilemba cha ukoka. Jicho alifunga daftari, na pamoja nalo akafunga donge.

Siku ya mtihani waliamka mapema. Wifi alikuwa mezani jikoni na kikokotoo chake, akirudia maswali ya wiki iliyopita, ambayo yalikuwa ya radiani, huku mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine hauna. Akainuka kwenda kutafuta cha pili. Jicho akaweka vikombe mezani, akatupa jicho kwenye kile kioo kabla hakijazimika, na jicho lake lilikuwa lile lile la siku zote. R.

Aliiona vizuri kabisa. Aliiona kama anavyouona mguu wa kenchi uliozidi kidole.

Wifi alirudi na viatu vyote viwili, akakitia kikokotoo mkobani, akanywa chai akiwa wima. "Wifi, naogopa," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Usiku kucha nimeota pembe."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Palikuwa na nafasi nyingine mlangoni, nyingine kwenye kona ya duka la dawa, nyingine kwenye geti la chuo ambapo walisimama dakika nzima kuonyesha vitambulisho. Jicho alizipita sehemu zote hizo. Alijiambia kwamba msichana mwenye kichwa chake ataona mwenyewe. Alijiambia kwamba si kazi yake kumkagulia mtu vifaa. Rohoni alijua kwamba anachotaka ni kitu kimoja tu, kile kiti juu ya ghala kikose mwenyewe kwa siku moja, halafu kimtazame yeye.

Walikaa kwa kufuata namba, Wifi nyuma yake. Msimamizi wa mtihani alikuwa mtu mnene mwenye saa kubwa mkononi, ambaye hakuwafahamu na hakuonyesha hamu ya kuwafahamu. Swali la kwanza lilikuwa kenchi. Jicho nusura atabasamu. Paa lina upana wa mita nane na mteremko wa digrii ishirini na mbili, tafuta kimo cha katikati. Aliisalimia mashine chini ya meza, ikamjibu moja. Nusu ya upana ni nne, zidisha kwa tanjenti ya ishirini na mbili, mita moja na sentimita sitini na mbili. Hata bila mashine angesema hivyo hivyo, akikosea labda kidole. La pili lilikuwa x chini ya mstari. Akazidisha huku, akazidisha na huku.

Nyuma yake kulikuwa na sauti ya ufutio.

Ilikoma, vikasikika vibonyezo, halafu ufutio tena, kwa nguvu, hadi dawati lilitikisika. Kisha pumzi ndefu iliyokatika katikati. Jicho aliijua ile pumzi. Aliisikia siku ya kwanza ya Wifi kwenye msumeno, ubao ulipomponyoka na yeye akabaki amesimama, mikono hewani, akisubiri kugombezwa. Siku ile Jicho hakumgombeza. Alimshika mikono yote miwili akairudisha kwenye ubao.

Akaitazama karatasi yake. Ilikuwa safi, na majibu yake mawili yalikuwa yamekaa mahali pake. Alisikiliza ufutio ukila karatasi ya mwenzake na akangoja kuhisi kwamba kitu kinamjia, kwamba kila alama inayofutika kule nyuma inahamia huku mbele. Hakuna kilichokuja. Karatasi yake ilibaki na majibu mawili, kama mwanzo.

Angeweza kugeuka, wangefukuzwa wote wawili. Angeweza kuuliza kwa sauti kama wanatumia digrii au radiani, msimamizi angemwambia asome swali. Ndipo akaikumbuka ile alama ya kuuliza ya penseli, na mahali hasa ilipokuwa imewekwa. Akanyoosha mkono.

"Ndiyo, mama?"

"Mwalimu." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Tunaruhusiwa kusalimia mashine kwanza?"

Vichwa viliinuka. "Kusalimia nini?"

"Mashine. Hii ya kukokotoa. Sisi tumezoea kuisalimia kabla ya kuanza."

Kicheko kilianzia safu ya dirishani kikaenda hadi mlangoni. Mtu mmoja akasema "Wodi" kwa mnong'ono uliosikika na kila mtu. Msimamizi akatazama saa yake, akamtazama Jicho, akaamua kwamba mshahara wake haujumuishi jambo hili. "Isalimie, mama. Ikumbatie ukipenda. Ilimradi uifanye kimya kimya."

Wakacheka tena. Jicho aliinamisha uso uliokuwa ukiwaka moto. Kicheko kilipotulia alisikia nyuma yake vibonyezo vichache, polepole. Halafu karatasi ikafunuliwa kurudi mwanzo, na ufutio ukaanza kazi upya, safari hii bila pumzi za kukatika.

Nje, kando ya bomba la maji, Wifi alimkuta akinawa uso na akamkumbatia kwa nyuma, mkoba na vyote.

"Ilinijibu moja nukta sita na kitu," akasema. "Wifi, ujue nilikuwa nimepata paa lenye kimo cha sentimita tatu na nusu. Tatu na nusu! Hata panya asingepita. Nikasema nimerogwa. Halafu nikakusikia." Alikuwa akicheka na macho yamejaa maji. "Umeniokoa."

"Ile alama ya kuuliza kwenye daftari langu ni yako."

Wifi akaacha kucheka. "Yangu. Nisamehe. Nilikuwa nalisoma alfajiri, kabla hujaamka."

"Kwa nini?"

"Sisi wa orodha ya kwanza hatuelezwi. Tunaambiwa 'hili mnalijua', tunaruka. Mimi mengine siyajui, nimekariri tu. Wewe umeandika kila hatua, huku na huku. Nilikuwa nakuonea wivu, kusema kweli. Ila ile salamu sikuielewa."

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Jicho alifunga bomba. Lilikuwa la kukaza mara mbili, na alilikaza mara tatu. Angeweza kunyamaza hapo, shukrani zilikuwa zimeshamfika mikononi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Niliiona asubuhi," akasema. "Ile R. Mezani, ulipokwenda kutafuta kiatu."

Wifi alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Ilikuwa imekwisha.

"Asubuhi," Wifi akarudia. "Na njia nzima ile."

"Na njia nzima."

Wanafunzi walipita wakienda bombani, mmoja akamwuliza Jicho kama mashine imemwitikia. Wifi alipandisha mkanda wa mkoba begani, akaushusha, akaupandisha tena.

"Mimi nilisoma daftari lako bila ruhusa," akasema mwishowe.

"Hayalingani, wifi."

"Sikusema yanalingana," Wifi akasema, akaenda zake peke yake.

Jioni ile mumewe aliuliza mtihani ulikuwaje. Wifi alisema ulikuwa mzuri, akainamia sahani yake. Jicho alimtazama mumewe, akaona kwamba kilichofanyika kule bombani kinamdai na huku mezani. Akamwambia yote mawili. Alimwambia kwamba tangu mwanzo yuko Wodi, anasaidiwa aljebra, na kwamba kuwahi kiti cha mbele ulikuwa uongo. Kisha akamwambia la asubuhi. La pili lilimfanya mumewe aweke kijiko chini na kumtazama dada yake, kisha mkewe.

"Hilo la asubuhi ni lenu wawili," akasema, kwa sauti ambayo haikumsamehe mtu. "Lakini hilo la kwanza, mke wangu. Saa moja zaidi kila siku ya somo, miezi minne. Na mimi nilidhani unakimbia vyombo."

Baada ya siku ile Wifi hakumgombeza Jicho, wala hakununa kwa namna ambayo mtu angeweza kuionyesha kidole. Aliacha tu kumsalimia. Asubuhi alipita jikoni akachukua kikombe chake, akatoka. Alijibu alichoulizwa, akapokea alichopewa. Nyumba ya vyumba vitatu ni ndogo sana kwa watu wasiosalimiana. Jicho alijua kwamba hana la kudai.

Matokeo yalipobandikwa, Wifi alikuwa na themanini na moja, Jicho sabini na nne. Alama saba. Jicho alisimama mbele ya ubao ule ule na kukiona kijicho chake kikiwa hai, kimekaa mahali pake, hakijafa hata kidogo. Kilimwuma. Tofauti ni kwamba sasa alikifahamu kwa sura. Jumatatu iliyofuata Wifi alipanda ngazi za ghala na mkoba mpya, na Jicho akavaa glavu zake.

Mchoro wa kwanza ulishuka siku ya nne, ukaletwa na msimamizi wa zamu, ukabandikwa juu ya msumeno. Ulikuwa mzuri, mistari imenyooka, pembe zimeandikwa kwa mwandiko wa duara ambao Jicho aliujua kutoka kwenye orodha za sokoni zilizobandikwa jikoni. Aliinamisha kichwa kidogo. Hesabu zote zilikuwa sawa. Kenchi isingekuwa sawa. Urefu ulikuwa umejumlishwa kana kwamba msumeno unapita kwenye mbao bila kula kitu, na msumeno hula, kila mkato unene wa meno yake. Kwa mikato ya mchoro ule, mguu wa kushoto ungepungua karibu kidole. Hilo halikufundishwa orodha ya kwanza wala Wodi. Hujulikana na mtu aliyesimama kwenye vumbi lake miaka tisa.

"Tukate?" msimamizi wa zamu akauliza. "Umeshachorwa, umetoka juu."

Ungekatwa ulivyo, hadi saa sita karakana nzima ingejua ni nani aliyechora. Jicho asingekuwa amefanya lolote. Angekuwa ametii mchoro tu. Aliweka kidole kwenye swichi, akaitazama ile karatasi kwa mara nyingine, na ndipo alipoiona pembeni, kando ya mguu wa kushoto, ndogo, ya penseli: alama ya kuuliza.

Alizima msumeno, akabandua mchoro, akavua glavu.

Ngazi za kwenda juu ya ghala zilikuwa kumi na nne. Hakuwahi kuzipanda. Mlango ulikuwa umefungwa, na kwa kioo chake chenye ukungu aliona kivuli cha mtu aliyeinamia meza. Alinyanyua mkono agonge, akataka kupiga hodi, akaona hodi haitoshi kwa siku zote zile.

"Tan arobaini na tano," akasema mlangoni.

Kivuli kikaacha kuandika. Chini, mafundi walikuwa wamekaa juu ya mbao wakimsubiri, na mmoja alikuwa ameanza kupiga mluzi. Jicho alisimama na karatasi yake mkononi, penseli nyuma ya sikio. Akahesabu pumzi zake hadi akapoteza hesabu.

"Moja," sauti ya Wifi ikasema kutoka ndani, na kiti kikasogezwa.